Kusoma Umbo la Ardhi Kabla ya Kuchimba: Utafutaji wa Malikale katika Uwanda wa Mto Ruvuma

Na Mwandishi Wetu, Mtwara

Mto Ruvuma husafiri takribani kilomita 800 kutoka milima ya Matogoro, karibu na Songea, hadi Bahari ya Hindi, na kwa sehemu kubwa ya safari hiyo ndio mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Bonde lake lina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 155,000, karibu theluthi mbili zikiwa upande wa Msumbiji. Kwa mto wa ukubwa huo, wenye udongo wa rutuba, samaki na njia ya asili ya kuelekea bara, mtu angetarajia kingo zake ziwe zimejaa alama za makazi ya kale. Sivyo ilivyo katika maandishi. Sehemu kubwa ya utafiti wa kiakiolojia uliochapishwa kuhusu Mtwara umejikita Mikindani na kandokando ya ghuba yake, ilhali uwanda wa chini wa Ruvuma, unaokaribia bahari, umebaki karibu mtupu katika ramani za malikale.

Utupu huo unaweza kuwa na maana mbili. Ama watu wa kale hawakuishi bondeni, ama waliishi na mto ukafunika au kuchukua walichoacha. Jibu la kwanza ni la kihistoria. La pili ni la mashapo, yaani mchanga, tope na changarawe ambazo maji huzibeba na kuzitua. Elimu ya maumbo ya ardhi, ambayo wataalamu huiita jiomofolojia, ndiyo inayowezesha kutofautisha majibu hayo mawili, na makala haya yanaeleza jinsi inavyofanya kazi na kwa nini inauhusu mkoa huu.

Kwanza, yale yanayofahamika. Dkt. Amandus Kwekason, mtafiti wa Makumbusho ya Taifa, alichapisha mwaka 2011 kitabu kuhusu akiolojia ya pwani ya kusini ya Tanzania katika kipindi cha takribani miaka 10,000 iliyopita. Mwaka 2013 alitoa andiko lililoonesha kuwa ufinyanzi wa wahunzi wa mwanzo wa pwani hii unafanana na ule wa Nkope, mahali palipo kando ya Ziwa Nyasa upande wa Malawi, badala ya kufuata tu mtindo wa Kwale unaojulikana zaidi katika pwani ya kaskazini. Naye Matthew Pawlowicz, mwanaakiolojia kutoka Marekani, alifanya upembuzi wa maeneo yanayoizunguka Ghuba ya Mikindani na kubaini kuwa, wakati miji mingine ya Waswahili ikizidi kufanana mwanzoni mwa milenia ya pili, wakazi wa Mikindani walifinyanga vyungu vilivyoelekea zaidi mitindo ya bara.

Matokeo hayo yanaibua swali ambalo haliwezi kujibiwa Mikindani peke yake. Kama mitindo ya ufinyanzi ilisafiri kati ya nchi ya Ziwa Nyasa na pwani ya Mtwara, ilipita wapi? Mto Lugenda, kijito kikubwa kuliko vyote vya Ruvuma, huanzia upande wa Msumbiji katika ukanda wa maziwa ya Amaramba na Chiuta, si mbali na ncha ya kusini ya Ziwa Nyasa. Kwa anayetazama ramani, njia hiyo ya maji inaonekana wazi. Lakini ramani si ushahidi. Ushahidi ungekuwa vigae, mavi ya chuma, mashimo ya nguzo na majivu ya meko vikiwa vimepangika bondeni kwa tarehe zinazofuatana, na ndivyo hasa ambavyo havijakusanywa.

Ipo sababu nyingine ya kutokimbilia hitimisho. Karl Weule, mwanaethnolojia wa Kijerumani aliyefika Newala na Mahuta mwaka 1906, aliandika simulizi ya asili ya Wamakonde ambamo wazee wa kale walionywa wasikae karibu na maji makubwa kwa kuwa mabonde yana maradhi, bali wakae juu. Kweli Wamakonde waliishi juu ya uwanda wao mkavu na kuteremka mabondeni kuchota maji kwa safari ndefu. Simulizi hiyo inaweza kuwa kumbukumbu ya hali ya kale sana, na inaweza pia kuwa maelezo ya nyakati za vita na biashara ya watumwa, wakati miinuko yenye vichaka vizito ilipokuwa kimbilio. Mtafiti makini haipuuzi, wala haifanyi kuwa ushahidi kwamba bondeni hapajawahi kukaliwa.

Mto unavyoficha na unavyoiba

Uwanda wa mafuriko ni ardhi tambarare kandokando ya mto ambayo maji huifunika yanapozidi kina cha mkondo. Mtwara ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia takribani Novemba hadi Mei, na katika miezi hiyo Ruvuma hubeba mchanga mwingi kutoka bara. Maji yanapotoka nje ya mkondo hupunguza kasi ghafla. Mchanga, ulio mzito, hutua papo hapo pembeni na kujenga tuta la asili kando ya ukingo. Tope jepesi huenda mbali zaidi na kutua katika mabwawa ya nyuma. Mwaka hadi mwaka tabaka huongezeka, na chungu kilichovunjika uani miaka 1,000 iliyopita kinaweza leo kuwa chini ya mita mbili au tatu za udongo usio na alama yoyote juu yake.

Wakati huohuo mto unasogea. Katika kila pindi, maji hukata ukingo wa nje na kutua mchanga upande wa ndani. Kijiji kilichojengwa upande unaokatwa huondoka kipande kwa kipande hadi vigae vyake vinaishia katika fungu la mchanga kilomita kadhaa chini ya mto. Huko mtu anaweza kuviokota na kudhani amepata makazi. Kingo za kigae kilichosombwa huwa zimeviringika na nakshi zake zimesuguliwa, na jicho lililozoea hulitambua jambo hilo mara moja.

Kutokana na tabia hizo mbili hupatikana kanuni iliyo msingi wa utafiti wote wa aina hii: kila umbo la ardhi lina umri, na umri huo huweka mpaka wa kile kinachoweza kupatikana ndani yake. Fungu la mchanga lililoundwa miaka 200 iliyopita haliwezi kuwa na kijiji cha karne ya 5 mahali pake pa asili, hata lichimbwe vipi. Ngazi ya zamani ya mto, iliyobaki juu baada ya mkondo kushuka chini zaidi, inaweza kuwa na vitu vya vipindi vyote tangu mafuriko yalipoacha kuifikia. Bwawa la upinde, lile linalobaki pale mto unapokata njia fupi na kuacha pindi lake la zamani, linaonesha mkondo ulipokuwa, na kwa hiyo linaonesha pia kingo zilipokuwa wakati watu walipohitaji kukaa karibu na maji. Mtafiti anayejua umri wa maumbo hayo huondoa sehemu kubwa ya uwanda katika orodha yake kabla hajashika jembe, na fedha za utafiti, ambazo daima ni chache, huzipeleka panapostahili.

Karibu na bahari mambo huwa magumu zaidi. Takribani miaka 20,000 iliyopita, wakati barafu ilipotanda sehemu kubwa za kaskazini ya dunia, usawa wa bahari ulikuwa chini ya wa sasa kwa kiasi cha mita 120. Mito ilichonga mabonde marefu kuifuata bahari ilikokuwa. Barafu ilipoyeyuka maji yalipanda, yakakaribia usawa wa leo takribani miaka 7,000 hadi 6,000 iliyopita, na mabonde hayo yakaanza kujazwa mashapo. Maana yake ni kwamba uwanda tunaouona leo penye maingilio ya Ruvuma, pamoja na mikoko yake, kwa sehemu kubwa ni ardhi changa. Wavuvi wa Zama za Mawe waliopiga kambi kwenye mlango wa mto wa wakati wao waliziacha kambi hizo mahali ambapo leo ni chini ya bahari au chini ya tope nene. Anayetafuta mabaki yao hana budi kupanda juu, kwenye matumbawe yaliyoinuka na vilima vya mchanga mwekundu ambao wanajiolojia huuita tabaka za Mikindani.

Mchanga huo mwekundu una umuhimu wake wa pekee. Mahali pazuri pa kuishi kwa mkulima wa bondeni ni pale uwanda unapokutana na mguu wa kilima: juu ya mafuriko, karibu na shamba la bondeni, na mara nyingi karibu na chemchemi. Lakini hapohapo ndipo udongo wa mlimani huteremkia kila mvua inaponyesha, hasa baada ya miti kufyekwa. Makazi ya kale yaliyo mguuni mwa kilima yanaweza kufunikwa bila mto kuyagusa. Kwa maoni ya mwandishi, ukanda huo mwembamba ndio unaostahili kutafutwa kwanza katika Ruvuma ya chini, na ndio unaoelekea kupitwa na mtafiti anayetembea juu ya ardhi akitazama chini tu.

Kutoka angani hadi kwenye keekee

Kazi huanzia ofisini. Picha za setilaiti za Landsat, zinazopatikana tangu mwaka 1972, humwezesha mtafiti kulinganisha njia ya mto kwa zaidi ya miaka 50 na kuona ni kingo zipi zimeliwa na visiwa vipi vya mchanga vimezaliwa. Vipimo vya mwinuko vilivyochukuliwa kwa rada na chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, mwezi Februari 2000 vinapatikana bila malipo. Hata hivyo, vipimo hivyo vina kasoro ambayo haina budi kutajwa: hupima kwa vipande vya mita 30, na penye mikoko husoma vilele vya miti kana kwamba ndiyo ardhi. Tuta la mto lenye kimo cha mita mbili, ambalo kwa mkazi wa bondeni ndilo tofauti kati ya nyumba kavu na nyumba iliyofurika, halionekani humo. Kwa hiyo ndege nyuki zenye kamera, au miale ya leza inayopenya kati ya majani, hutumika pale bajeti inaporuhusu.

Mtu asiye na bajeti ana chanzo kingine, nacho ni wakulima wa mpunga. Wanajua maji hufika wapi kwanza, sehemu gani haijawahi kufurika, bwawa lipi hukauka mwisho, na udongo wa wapi ni mweusi bila sababu. Majina ya mahali nayo husaidia, kwa kuwa jina lenye maana ya ukingo au kisiwa, likiwa mbali na maji ya leo, laweza kuwa limehifadhi habari ya mkondo uliohama.

Baada ya hapo ni kutembea, kwa mistari iliyopangwa, na kukagua kila mahali ambapo udongo wa chini umeletwa juu: mashimo ya matofali, visima, vyoo vinavyochimbwa, kingo zilizokatwa na mto, mashimo ya panya na ya kaa. Vichuguu havipitwi. Mchwa hupandisha udongo kutoka chini, na mmomonyoko wa kichuguu huweza kuacha kigae kidogo au ushanga mguuni pake. Mibuyu nayo hutazamwa, kwa kuwa katika pwani ya Waswahili mara nyingi husimama penye mahame. Lakini mbuyu ni kidokezo tu, si cheti.

Pasipo na mwanya wa kuona chini, huchimbwa mashimo madogo ya majaribio kwa umbali uliopangwa, njia ambayo Pawlowicz aliitumia katika eneo la Mikindani. Katika uwanda wa mafuriko shimo la koleo halitoshi kwa sababu huishia katika mashapo ya juzi. Hapo hutumika keekee ndefu ya udongo inayozungushwa kwa mkono, ambayo hutoa sampuli kwa kina cha mita kadhaa. Kinachotafutwa mara nyingi si kigae. Ni mstari mweusi wa udongo wa kale, yaani uso wa ardhi uliokaa muda mrefu bila kufunikwa, ukaota majani, ukapata mboji. Mstari huo ukikutwa katika mashimo matano yanayofuatana, mtafiti amepata ardhi ambayo watu wangeweza kuishi juu yake. Ukiwa na mkaa na vipande vya udongo ulioungua, uwezekano kwamba waliishi unaongezeka.

Mwisho ni kupima umri. Kaboni 14 hupima mkaa, mbegu, mifupa na makombe, lakini mkaa wa bondeni ni wa kuangaliwa kwa tahadhari kwa kuwa unaweza kuwa umesombwa kutoka tabaka la zamani zaidi. Njia nyingine hupima punje za mchanga zenyewe: punje ya kwatzi ikizikwa gizani hukusanya nishati kutoka katika mionzi hafifu ya udongo unaoizunguka, na maabara huweza kukadiria ni muda gani umepita tangu ilipoonwa na jua kwa mara ya mwisho. Kwa uwanda wa mto, njia hiyo ni ya thamani kubwa kwa sababu hutoa umri wa tuta hata kama halina kigae hata kimoja.

Mfano ulio bora zaidi barani Afrika uko Mali. Kilima cha Jenne-jeno, katika uwanda wa mafuriko wa Niger, kilichimbwa na Susan na Roderick McIntosh kuanzia mwaka 1977, na uchunguzi wao ulihusisha pia mikondo ya zamani ya mto na aina za udongo zilizokizunguka. Ilibainika kuwa makazi hayo yalianza takribani mwaka 250 Kabla ya Kristo na kukua kuwa mji bila msukumo wa wafanyabiashara wa Kiarabu, jambo lililobadili historia ya miji ya Afrika Magharibi. Huko Marekani, ramani za mikondo ya kale ya Mississippi zilizochorwa na Harold Fisk mwaka 1944 zilitumiwa na wanaakiolojia kutafutia makazi, na makazi hayo yakatumiwa na wanajiolojia kurekebisha umri wa mikondo.

Tanzania nayo ina somo lake. Katika uwanda wa mto Pangani, karibu na mlango wake, wanaakiolojia na wanajiolojia, akiwamo Elinaza Mjema wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichunguza mahali pa kale pa takribani miaka 1,000 palipokuwa na mifupa ya binadamu ndani ya tabaka la mchanga. Mifupa hiyo haikuwa na dalili za maziko. Uchambuzi wa mchanga uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Geology ulihitimisha kuwa tabaka hilo liliwekwa na tsunami. Bila kusoma mashapo, hayo yangekuwa makaburi yasiyoeleweka. Baada ya kuyasoma, yamekuwa onyo kwa ukanda mzima wa pwani, ambao wengi waliamini uko salama hata baada ya mawimbi ya Desemba 26, 2004 kuua watu hadi Dar es Salaam. Wakazi wa Msimbati na vijiji vya mlango wa Ruvuma wana haki ya kujua kama tabaka la namna hiyo lipo chini ya mashamba yao.

Kinachotakiwa kufanyika

Uwanda wa Ruvuma hauko kimya. Gesi asilia ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, inachakatwa Madimba na kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Kuna uchimbaji wa mchanga wa ujenzi, barabara na kilimo cha mpunga. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na malikale ni sehemu ya yanayopaswa kuangaliwa. Tatizo liko katika namna ya kuangalia. Taarifa inayosema kuwa hakuna kitu kilichoonekana juu ya ardhi inajitosheleza ikiwa eneo ni kilima cha matumbawe. Ikiwa ni uwanda wa mafuriko, taarifa hiyo inasema tu kwamba mashapo ya karne iliyopita hayana vigae. Waandaaji wa tathmini wanapaswa kuonesha umri wa umbo la ardhi husika na kina walichofikia, na wanaoidhinisha wanapaswa kuuliza.

Lipo pia suala la ukingo wa pili. Mto ni mpaka wa nchi, lakini mapindi yake hayajui mpaka, na tuta lililokuwa upande mmoja karne kadhaa zilizopita linaweza leo kuwa upande mwingine. Hali ya usalama katika jimbo la Cabo Delgado tangu mwaka 2017 imefanya utafiti wa pamoja kuwa mgumu. Hata hivyo, ulinganishaji wa picha za angani na wa vigae vilivyomo makumbusho hauhitaji kuvuka mto.

Kwa mwananchi, utaratibu ni mwepesi. Sheria ya Mambo ya Kale, Sura ya 333, inalinda majengo na vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na uchimbaji wa kiakiolojia hauruhusiwi bila kibali. Anayekuta vigae vingi, mavi ya chuma, shanga, mifupa au makombe yaliyorundikana anapaswa kuviacha vilipo, kupiga picha ikiwezekana akiweka jembe au fimbo ili kuonesha ukubwa, kupima au kukadiria kina kutoka juu ya ardhi, na kutoa taarifa kwa mtendaji wa kijiji au afisa utamaduni wa halmashauri ili ifike Idara ya Mambo ya Kale. Kipimo cha kina kinastahili kusisitizwa. Kigae kilicholetwa ofisini ndani ya mfuko ni kigae tu. Kigae kilichoonekana mita moja na nusu chini ya ukingo, kikiwa juu ya mstari wa udongo mweusi, ni habari.

Wakati unaofaa zaidi kuangalia ni wiki chache baada ya maji kushuka, kati ya mwishoni mwa Mei na Julai, wakati kingo zilizokatwa na mafuriko bado ni mpya na majani hayajazifunika. Mvua zinazofuata zitazikata upya, na kilichokuwa kimejitokeza katika ukingo wa mwaka huu hakitakuwapo.